Machale Yakikucheza Kalamu Ikiwa Mkononi

Mwaka jana nilikuwa nikiandika hadithi fupi ya fundi cherehani wa Majengo, hapa Mombasa. Binti yake yuko Saudia, anafanya kazi za nyumbani. Jioni moja kijana wa mtaani anaingia dukani na sanduku la binti yule. Limekuja na abiria mwingine, mwenyewe hakuja. Nikaandika hivi:

"Mzee Salimu alilifungua sanduku kwa mikono iliyotetemeka. Alipoziona nguo za mwanawe, machozi yalimtiririka njia mbili mbili. Moyo ulimpasuka kwa uchungu usio kifani."

Nilipotia nukta ya mwisho, mkono ukasita. Sarufi ilikuwa sawa na kisa kilikuwa kinaendelea, lakini ndani kitu kilikuwa kinaniambia: hapana, si hivi. Nikakipuuza, nikaandika kurasa sita zaidi, zote baridi kama uji wa jana. Wiki tatu baadaye ndipo nilipokubali kwamba hadithi ilifia palepale kwenye machozi.

Kitu kile Waswahili tunacho jina lake. Mtu aliyekaribia kupanda gari kisha akashuka bila kujua sababu, husema machale yalimcheza. Mwandishi naye huchezwa na machale, tena kila siku, ila wengi wetu tumezoea kuyanyamazisha. Hatua zifuatazo ni zile ninazozipitia mimi mwenyewe, na ambazo nimezipitia na waandishi wachanga wanaoniletea miswada yao. Zifuate kwa mpangilio mara ya kwanza, kisha baadaye utajua wewe ni ipi ya kurudia.

Hatua ya 1: Itambue sauti ya insha

Machozi ya "njia mbili mbili" hayakutoka kwa Mzee Salimu. Yalitoka kwenye daftari langu la shule ya msingi. Kwa sisi tuliosoma Kenya enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ya Kiswahili ilikuwa na alama 40, na kila mtoto alijua alama hizo zinatafutwa vipi. Unaanza kwa kurauka alfajiri na mapema. Jua linachomoza, ndege wanaimba. Kila aya inapata methali yake. Furaha ikizidi unaruka kama ndama, na huzuni ikizidi yanakuja machozi njia mbili mbili.

Siwalaumu walimu wetu. Walikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, na walitaka kuona kwamba msamiati umeingia. Uliingia kweli, na mimi nawashukuru. Lakini zoezi lile lilituachia tabia moja nzito: mkono huandika kilicholeta alama kabla jicho halijaona kilichotokea. Ndiyo maana mtu anayesimulia vizuri mno kwenye baraza, akishika kalamu, hugeuka mtahiniwa.

Fanya hivi. Chukua kurasa tano ulizoandika karibuni. Kwa penseli, zungushia kila fungu la maneno ambalo ulilikuta limeshatengenezwa kabla hujazaliwa. Usifute kitu. Unachotaka ni kuona mahali ambapo insha ilikuandikia. Watu wengi hushtuka kwa wingi wa miduara. Kisha tazama mahali pasipo na mduara, hasa ile sentensi fupi isiyo na pambo ambayo uliiandika haraka ukiwahi jambo jingine. Mara nyingi hiyo ndiyo yako.

Methali hazina kosa. Mhusika mpenda methali, anayezitumia barazani ili ashinde ubishi, mpe nyingi kadiri anavyotaka. Shida ni methali inayosemwa na msimulizi kwa sababu aya imebaki bila pambo.

Hatua ya 2: Isimulie kwa mdomo kabla ya kuiandika

Mpitaji wa zamani wa njia hii alikuwa bibi mwenye hadithi. Alisema "Paukwa!" na watoto wakaitika "Pakawa!", na kwa mwitikio ule tu alijua nani yuko macho na nani ameshasinzia. Nyanya yangu alikuwa akiona tumelegea, hukatiza maelezo na kuingiza wimbo wa yule ndege au yule chewa, nasi tukaimba, kisha hadithi ikaendelea kutoka mahali pengine kabisa. Hakuwa na mpango ulioandikwa. Alikuwa anasoma nyuso zetu, na ulimi wake ukifuata.

Wewe mtafute mtu mmoja, dada, rafiki, jirani, na umsimulie hadithi unayotaka kuandika. Usimsomee. Simu iwe inarekodi, na umwambie kwamba inarekodi. Ukimaliza, sikiliza rekodi peke yako, ukiwa na karatasi. Andika mahali uliporuka: palikuwa na jambo ulilopanga kulieleza, lakini mdomo ukalipita. Andika pia mahali ulipoanza kujieleza kwa "yaani" na "nilisahau kukwambia". Na muhimu kuliko yote, andika mahali sauti ilipobadilika, ikashuka au ikaenda polepole.

Hadithi ya fundi nilimsimulia dada yangu jikoni. Nilipoisikiliza rekodi nikajisikia nikisema: "Basi yule kijana akaliweka sanduku pale chini, na mzee hata hakuligusa, akarudi zake kwenye mashine." Hakuligusa! Hilo halikuwa kwenye mswada. Kwenye mswada alilifungua na kulia. Mdomo ulikuwa unajua jambo ambalo kalamu ilikuwa haijui, na ulilisema bila kuomba ruhusa. Niliirudia sehemu ile mara nne.

Hatua ya 3: Liamini sikio lako la Kiswahili

Hapa nataka tukae kidogo, maana watu wengi hudhani machale ni ya visa na wahusika tu. Lugha nayo ina machale yake, na kama Kiswahili ni lugha uliyonyonya, tayari unajua mambo ambayo hukufundishwa na mtu. Tazama:

Mtu alisimama mlangoni.

Mlangoni palisimama mtu.

Habari ni ile ile. Lakini katika sentensi ya kwanza tunaanza na mtu, kisha tunaambiwa yuko wapi. Katika ya pili tunautazama mlango kwanza, uko mtupu kwa muda wa kupepesa jicho, halafu mtu yumo. Ukitaka msomaji ashtuke pamoja na mhusika, unahitaji ya pili. Ukimsimulia jirani habari ya mwizi wa jana usiku, utaitumia hiyo ya pili bila kufikiri. Lakini ukiketi kuandika, utaandika ya kwanza, kwa sababu ndiyo "sentensi kamili" ya darasani.

Au chukua hii: "Alifika nyumbani na alivua viatu na aliketi na alifungua barua." Sikio linalalamika, sivyo? Sasa sema: "Alifika nyumbani, akavua viatu, akaketi, akafungua barua." Ile -li- imefungua mlango, na -ka- imeingia ndani na kuendelea kutembea. Kila Mswahili anajua hili kwa ulimi. Kitu ambacho wachache hukitumia kwa makusudi ni kuivunja safu hiyo:

"Alifika nyumbani, akavua viatu, akaketi. Taa ya chumbani ilikuwa inawaka."

Sentensi ya mwisho imetoka nje ya mstari wa vitendo vyake. Haikusema "akaona taa". Taa ilikuwa inawaka kabla yake, na msomaji ameshajua kwamba kuna mtu mle ndani, hata kabla mhusika hajageuza kichwa. Hakuna haja ya kuandika "hofu ilimwingia". Sarufi imeshaitia.

Zoezi lake ni hili. Soma ukurasa wako kwa sauti mbele ya simu, kisha funga daftari na usikilize bila kutazama maandishi. Pale sikio linapokataa, simamisha, na useme sentensi ile kama ambavyo ungemwambia mtu aliyeketi mbele yako. Andika ulichosema, neno kwa neno, hata kama kinaonekana kifupi mno au kimegeuzwa kichwa chini miguu juu. Linganisha siku ya pili. Ukilifanya zoezi hili mara kumi utaanza kusikia hata ukiandika kimyakimya.

Hatua ya 4: Rasimu ya kwanza, andika na upite

Hapa sina mengi. Andika hadi mwisho bila kurekebisha. Machale yakikucheza, tia alama ya x pembeni na uendelee. Usisimame kuuliza kwa nini. Ukisimama, atakayekujibu ni yule mtahiniwa, si wewe. Ukimaliza, weka mswada kabatini wiki mbili kwa hadithi fupi, na muda mrefu zaidi kwa riwaya, uwe umeshasahau baadhi ya sentensi zako.

Hatua ya 5: Yahoji machale yako

Sasa rudi kwenye zile x. Si kila kitu kinachokusumbua moyoni ni machale. Kuna wageni watatu wanaovaa kanzu yake.

Wa kwanza ni hofu. Hofu husema habari za watu: mama atasema nini akisoma, wazee wa msikitini wataonaje, watu watadhani ni mimi. Machale husema habari za ukurasa: mwanamke huyu hawezi kumjibu mumewe hivi, chumba hiki kina watu wengi mno, hapa nimeongeza. Ukisikia moyoni kuna watu wengi wanaokutazama, hiyo ni hofu. Sikwambii uipuuze kila mara, wakati mwingine kuna ndugu wa kweli wa kulindwa, lakini usiiite kwa jina lisilo lake.

Wa pili ni mazoea. Huyu ndiye mgumu kumtambua kwa sababu anakuja haraka na anakuja na raha. Sentensi inateremka yenyewe, unajisikia umebarikiwa. Machozi yangu ya njia mbili mbili yaliteremka hivyo. Machale kwa kawaida huja na usumbufu. Yanakudai kitu, yanakwambia utupe ukurasa ulioupenda, au umwache mhusika afanye jambo ambalo hukulipanga. Kwa hiyo kitu kikija chepesi, kiangalie mara mbili.

Wa tatu ni uvivu, anayesema "inatosha". Machale nayo husema inatosha, lakini baada ya kusema hivyo hulala. Uvivu hausemi mara moja, unarudia rudia.

Ukishindwa kutofautisha, usibishane kichwani. Andika tukio lile kwa njia mbili, nusu ukurasa kila moja, kwa bidii ileile. Ziache zilale. Kesho yake zisome zote kwa sauti. Mimi niliandika tena machozi, nikajitahidi yawe mazuri, kisha nikaandika hivi:

"Sanduku likawekwa kando ya mlango. Mzee Salimu akaitikia shikamoo, akauliza habari za safari, akampa kijana shilingi mia mbili za bodaboda. Alipobaki peke yake akachukua kidebe cha mafuta, akaanza kuitia cherehani mafuta. Alikuwa ameitia asubuhi."

Niliposoma kwa sauti, koo lilinikaba kwenye maneno "ameitia asubuhi". Kwenye machozi sikuhisi kitu. Lakini hofu nayo ikaja, na nikaitambua kwa maneno yake: watu watasema baba huyu hana huruma, wasomaji hawataelewa. Watu, wasomaji. Nikaiacha ipite.

Hatua ya 6: Jua machale yako yanaishia wapi

Machale yametengenezwa kwa yale uliyoyaishi, uliyoyasikia na uliyoyasoma. Nje ya hapo yanaendelea kusema kwa sauti ileile ya uhakika, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kinachosema si machale tena bali ni kasumba na maneno ya mitaani. Mwandishi wa pwani akiandika mfugaji wa bara, mwanamume akiandika uzazi, aliyesoma akiandika asiyesoma: hapo moyo ukikwambia "huyu angefanya hivi", uwe na adabu, nenda ukaulize.

Kwa hadithi hii niliuliza mara mbili. Nilikaa alasiri mbili na fundi cherehani, nikitazama tu. Nilimuuliza juu ya mafuta. Akanieleza kwamba ukishaitia mashine mafuta, huweki nguo ya mteja moja kwa moja. Unafuta, kisha unashona kwanza kitambaa kibovu, hadi mafuta yaliyozidi yatoke. Hilo, akasema, mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza. Nikarudi nyumbani mbio nikaongeza mstari:

"Chini ya sindano palikuwa na shati jeupe la shule, la mtoto wa watu. Mafuta yakalienea, naye akaendelea kutia."

Machale yalinipa mafuta. Lakini shati lile nililipewa na fundi. Sasa si baba anayejishughulisha tu. Ni fundi wa miaka thelathini aliyesahau somo la siku ya kwanza. Msomaji ambaye hajawahi kushona ataona shati limeharibika. Msomaji fundi ataelewa kila kitu.

Mara ya pili nilimuuliza mama mmoja aliyewahi kufanya kazi Ghuba. Moyo wangu ulikuwa umenipangia binti wa kulia na kuandika barua ndefu. Yeye alinieleza habari za kafala, jinsi kibali chako cha kukaa kinavyofungwa kwa mwajiri mmoja. Halafu akanieleza jambo nililokuwa sina hata njia ya kulidhani: nyumba ilikuwa na zulia kila mahali, na kwa miaka miwili hakusikia hatua zake mwenyewe. Aliporudi kwao alitembea peku sakafuni usiku, asikie. Niliyafuta mawazo yangu yote juu ya yule binti, nikaanza upya.

Kwa hiyo jiulize kwa kila tukio: hili nalijua kwa mwili, au kwa kusikia tu kwamba watu husema? La mwili, liamini. La pili, livalie viatu ukaliulize.

Hatua ya 7: Wape watu watatu, na uwaulize vizuri

Watatu wanatosha, kumi watakuchanganya. Usiwaulize "imekaaje?" kwa sababu watakujibu kwa adabu: iko vizuri, hongera. Waulize ulisimama wapi ukaenda kuchota maji, ulirudi kusoma tena wapi, na mhusika gani umeshamsahau jina.

Kisha sikiliza kama mganga anavyomsikiliza mgonjwa. Mgonjwa anajua panapomuuma, na hapo usibishane naye hata kidogo. Lakini akikutajia na dawa, ipokee kwa shukrani na uiweke pembeni.

Wasomaji wangu wawili walisema: tuambie sanduku lina nini, lifungue. Nusura nilifungue. Machale yalikataa kabisa, lakini maumivu yao yalikuwa ya kweli, kwa hiyo nikakaa chini kutafuta yanatoka wapi. Nikagundua kwamba baada ya sanduku kuwekwa mlangoni, sikulitaja tena kwa kurasa tatu. Mimi ndiye niliyelisahau. Wao walidai lifunguliwe kwa sababu nililiacha njiani kama mzigo usio na mwenyewe. Nikarudi nikaliweka ndani ya kila tukio: mteja analikwaa, mtoto anayesubiri sare ya shule anakwenda kulikalia, na Mzee Salimu, bila kuinua macho kwenye sindano, anamwambia, "Inuka hapo, mwanangu. Njoo ukae huku." Niliporudisha hadithi kwa wale wawili, hakuna aliyeuliza tena ndani mna nini.

Mimi najua mna nini, lakini. Nimeandika orodha kwenye daftari langu, hadi rangi za kanga. Mwandishi akijua, ukimya wake unakuwa na uzito. Asipojua, msomaji hukuta pengo.

Hatua ya 8: Ukikutana na kanuni, au na mhariri

Kila kanuni inalinda kitu. Kabla ya kuivunja, sema inalinda nini, kisha sema unachotaka kukipata ni kipi. Ukiweza kusema yote mawili kwa sentensi moja moja, shikilia msimamo. Usipoweza, kubali sahihisho kwa moyo mweupe.

Mfano wangu wa kila siku ni lahaja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja mjini, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia 1930 kukawa na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ya kusimamia usanifishaji. Kanuni hiyo imetulinda: leo mtu wa Kigoma na mtu wa Lamu wanasoma kitabu kimoja. Lakini mke wa Mzee Salimu ni wa Mji wa Kale, na mama wa Mji wa Kale akimuulizia mwanawe hasemi "anakuja lini?" Husema "yuwaja lini?" Mhariri akaniandikia "anakuja". Sikukasirika. Nilimjibu kwamba usimulizi wote uko katika sanifu ili msomaji wa popote asipotee, na neno lile moja liko kinywani mwa mama ili asikike yeye, si mimi. Neno likabaki. Palepale nilikuwa nimeandika "ndia" mahali pa "njia" katika maelezo ya msimulizi, na nilipojaribu kulitetea sikupata sentensi. Nikalitoa.

Na kumbuka kwamba kanuni zenyewe hutembea. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, ubishi ulikuwa mkali na wanajadi walikataa kuyaita mashairi. Leo mashairi huru yanafundishwa na kutahiniwa shuleni. Sisemi kila atakayevunja kanuni atapata heshima hiyo. Nasema usiifute sentensi kwa sababu tu hujawahi kuiona kwa mtu mwingine.

Hatua ya 9: Weka daftari la machale

Hii ndiyo hatua inayoachwa na wengi, na ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Imani haiji kwa kujiambia "jiamini". Inakuja kama inavyokuja kwa jirani anayekukopa: amekulipa mara ngapi?

Nunua daftari dogo. Kila ukurasa ugawe safu nne: mahali katika mswada, machale yalisema nini, nilifanya nini, ikawaje. Safu ya mwisho iache tupu hadi wasomaji wasome au miezi ipite. Uwe mkweli hasa pale ulipokosea.

Baada ya mwaka nilisoma langu lote kwa usiku mmoja. Katika mazungumzo ya wahusika, na katika kujua mahali pa kunyamaza, machale yangu yalikuwa sahihi karibu kila mara, na kila nilipoyapuuza nilijuta. Lakini mianzo! Kila mwanzo niliodhani umekaa, wasomaji walianza kuamka aya ya tatu. Machale yangu yana upofu hapo, yanapenda kupiga hodi kwa muda mrefu. Tangu nilipoliona hilo, nikimaliza hadithi nafunika aya mbili za kwanza kwa karatasi na kumpa mtu asome kuanzia ya tatu. Mara nyingi hajui kama kuna kitu kimefunikwa. Kwenye mazungumzo, sisumbuki tena kuuliza mtu.

Lako litakuwa na sura nyingine. Huenda wewe unajua kuanza na hujui kumaliza, au unajua wanawake wazee na hujui watoto. Daftari litakuonyesha mahali pa kusimama imara na mahali pa kuomba msaada, na mtu akikupinga utajua kama anagusa upande wako wa macho au wa upofu.

Ukurasa wangu wa mwisho mpaka jana usiku ulikuwa hivi. Mahali: fundi, ukurasa wa tisa. Machale: mzee asilitaje jina la binti mpaka mteja wa mwisho atoke. Nilifanya: nimelitoa jina mahali sita, limebaki moja. Ikawaje: bado. Mswada uko kabatini, zimebaki siku kumi na moja.